Mashine Haitoi Cheche: Kabla Hujanunua Sidiai

ZUHURA: Karibuni tena. Msikilizaji wetu wa Pangani ana mashine ya boti, Yamaha Enduro ya zamani, ile ya farasi 40 ya silinda mbili. Anavuta kamba mpaka bega linamuuma, mashine kimya. Fundi kamwambia sidiai, yaani CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche za plagi, imekufa.

BAKARI: Sidiai! Mafundi wetu bwana. Kaipima na nini?

ZUHURA: Hakusema. Ila klipu ya kile kikamba chekundu cha usalama, kinachozima mashine ukianguka, ipo mahali pake, kaiangalia.

BAKARI: Vizuri. Basi afungue plagi zote mbili, azirudishe kwenye waya zake, chuma cha plagi kiguse bloku, mbali na matundu ya silinda maana mvuke wa petroli unatokea humo. Kisha avute kamba kwa nguvu. Na afanye kivulini, juani cheche haionekani.

ZUHURA: Wengine wanaacha waya unaning'inia tu.

BAKARI: Ndivyo wanavyoua sidiai nzima. Ule umeme ni maelfu ya volti; ukikosa pa kwenda, unapasua njia huko ndani.

ZUHURA: Haya, kavuta. Hakuna cheche, si juu si chini.

BAKARI: Zote mbili kwa mpigo? Mimi hapo naishuku swichi ya kuzimia kwanza. Watu wanadhani inakata umeme kama swichi ya taa. Sivyo, dada. Ukiibonyeza, inaupeleka umeme kwenye bodi ya mashine, unapotelea huko. Sasa maji ya chumvi yakishaingia, ndani kukaota ule unga wa kijani, swichi inakuwa kama imebonyezwa saa zote.

ZUHURA: Yaani mashine imezimwa na hakuna aliyeizima!

BAKARI: Naam. Afuate waya mweupe unaotoka kwenye swichi, auchomoe kwenye kiungio chake chini ya kava, avute tena. Cheche ikirudi, sidiai yake nzima. Anunue swichi.

ZUHURA: Na ikiwaka hivyo bila swichi, ataizimaje?

BAKARI: Avute choki, itakabwa ife. Lakini hiyo ni ya kupimia ufukweni tu. Asitoke nayo baharini. Akianguka majini, boti inaendelea kuzunguka na propela yake.

ZUHURA: Cheche isiporudi?

BAKARI: Apime koili zilizo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, alinganishe na vipimo vya kitabu cha mashine hiyohiyo, si cha jirani. Aangalie na waya kama zimeliwa na kutu. Vyote vikiwa salama, ndipo tuzungumze habari ya sidiai.

ZUHURA: Ingekuwa silinda moja tu ndiyo inayomisi?

BAKARI: Hiyo nyepesi. Plagi ya juu ishuke chini, ya chini ipande. Ugonjwa ukihama, ni plagi.

ZUHURA: Nimpigie sasa hivi?

BAKARI: Mpigie, kabla hajatuma pesa dukani.