"Chicago unaishije?" Nimejibu, msinichoshe tena

Haya jamani, wakubwa shikamooni. Video hii sikuipanga. Ila kila nikipandisha kitu, hata nikisonga ugali, mtu wa Isevya lazima aandike: "Kaka, huko si wanauana kila siku? Unaishije?" Nikisema niko salama, najisifu. Nikisema pagumu, "rudi Tabora ulime tumbaku."

Sikilizeni. Mwaka 2020 Chicago waliuawa watu zaidi ya 750. Wengi, sibishi. Lakini mji una watu milioni 2 na laki 7. St. Louis, hukuhuku Marekani, waliuawa 263, mji wa watu laki 3 tu. Gawanya kwa kila watu laki moja: Chicago kama 28, St. Louis zaidi ya 85. Kuna aliyemwuliza mtu wa St. Louis anaishije?

Na kuhesabu kwenyewe kuna vituko. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanafuata ripoti za polisi; CDC, wale wa kudhibiti magonjwa, wanafuata vyeti vya vifo. Mwaka huohuo, waliouawa Marekani nzima, FBI wana elfu 21 na ushee, CDC elfu 24 na ushee. Nchi nzima mwaka 1991 ilikuwa 9.8 kwa laki, ikashuka hadi 4.4 mwaka 2014, mwaka wa korona ikaruka karibu asilimia 30, ikaja kushuka tena. Ninyi mnanitumia klipu za 2020 tu.

Mimi kinachoniua ni bima ya gari. Nilihama nyumba, umbali wa vituo vitatu vya basi tu. Gari lilelile, dereva yuleyule, barua ikaja: ongeza dola 61 kwa mwezi, kisa namba ya posta ya mtaa! Nikapiga simu, dakika 40 nasikilizishwa muziki, halafu dada ananiambia nitume uthibitisho wa anwani. Ulikuwa wa tatu huo. Na wiki hiyohiyo mdogo wangu anataka hela ya bati.

Kwetu kulikuwa na bibi jirani, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Yaliyompata usiku ule mnayajua, sirudii. Kesho yake jioni tukazika, hakuna daktari aliyemwona, cheti hakuna. Yule yuko kwenye hesabu ya nani? Na hakuna aliyewahi kuniuliza Tabora nilikuwa naishije.

Basi, mimi saa nne usiku sitoki. Ni mimi huyo, mwenzangu wa mtaa wa pili anatoka na anarudi. Mdogo wangu, bati tarehe tano.