Reli, malori ya Uyole na hela ya kokoto

LUSAJO: Haya tumerudi hewani, ugonile wote mnaotusikiliza hapa Mbeya, huko Mwanjelwa, Tukuyu, Makambako, na walio kwenye foleni ya kuingia Tunduma, poleni. Niko na dada Tumu kama kawaida.

TUMU: Kamwene jamani! Leo nimechelewa studio, msinilaumu, lori limezima pale mlimani Uyole. Bajaji inapenya, sie wa daladala tumekaa.

LUSAJO: Ndo nilikuwa nataka tuanzie hapo hapo. Kwa nini shaba yote ile ya Zambia na Kongo ipite mbele ya shule zetu kwenye barabara moja ya lami, wakati reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, iko hapo hapo pembeni toka mababu?

TUMU: Toka mababu tena, reli ya juzi ile.

LUSAJO: Juzi ya nani dada, ilijengwa 1970 mpaka 1975 ikakabidhiwa 1976, mi sijazaliwa. Kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Na ukikumbuka hali ya nchi wakati ule, yaani hatujamaliza hata miaka kumi ya uhuru, hatuna hela, Benki ya Dunia imeshakataa ikasema mradi haulipi, Rhodesia ya Smith, Zimbabwe ya leo, imejitangazia uhuru wake 1965 na Zambia shaba yake inapita huko kwa makaburu, sa Nyerere na Kaunda wakaenda China ambayo nayo ilikuwa masikini tu, wakapewa mkopo hauna riba, wa kulipa miaka 30. Miaka 30! Yaani unakopa ukijua atakayemalizia kulipa ni mtu mwingine kabisa.

TUMU: Hapo sasa mi huwa nawavulia kofia wazee. Na sio reli peke yake eti, kipindi hichohicho kuna barabara ya TANZAM, hii hii ya kwenda Zambia, na bomba la TAZAMA la mafuta, lile la 1968, linatoka Dar mpaka Ndola huko Zambia, limepita huku kwetu chini kwa chini, watu wanalima mahindi juu yake hata hawaliwazi. Lilikuwa la mafuta ghafi, 2023 wakaligeuza likaanza kusukuma dizeli. Zaidi ya miaka 50 bomba linafanya kazi na halijawahi kuimbiwa hata wimbo.

LUSAJO: Sababu halionekani.

TUMU: Sababu halionekani! Mi baba yangu mdogo alifanya kibarua kwenye ujenzi wa reli, kule Mlimba kupanda Makambako. Alikuwa anasema Mchina analala kwenye turubai kama wewe, anakula kivyake lakini koleo mnashika wote. Kile kipande kilikuwa kigumu kuliko vyote, mahandaki, madaraja, tope, mvua haikatiki. Kuna Wachina walikufa kwenye ile kazi, makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

LUSAJO: Na ule mpando ndo ulikuja kuua vichwa vya mwanzo. Vile vichwa vya Kichina vya kwanza nguvu zilikuwa ndogo, mzigo ukiwa mkubwa vinahema, ikabidi miaka ya themanini waagize vingine vya Kijerumani. Sa ona, reli mpya haijamaliza hata miaka kumi tayari inadai hela kubwa nyingine. Ndo kitu watu hawapigi hesabu. Ukishajenga ndo umeanza kulipa.

TUMU: Eee.

LUSAJO: Reli ina mataruma, ina kokoto, kokoto zinazama kwenye udongo kila masika lazima uongeze, kuna signali, kuna makalavati yanaziba majani. Usipofanya mwaka huu hakuna kitu kinatokea, treni inapita tu. Mwaka kesho inapita. Mwaka wa tano unaweka bango, dereva apunguze mwendo hapa. Alafu mabango yanaongezeka, mwenye mzigo anaona bora lori. Reli ilibuniwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Laki moja dada! Mzigo wenyewe haukupotea, ndo huo umekuzibia njia leo asubuhi.

TUMU: Na barabara nayo inaumia, inawekwa viraka juu ya viraka. Afadhali barabara ina mfuko wake, kila lita ya mafuta tunakatwa kidogo inaenda huko. TAZARA ni mali ya nchi mbili, nusu kwa nusu. Shamba la ndugu wawili unalijua, palizi kila mmoja anamsubiri mwenzie.

LUSAJO: Hahaha, hilo limenigusa, tunalo shamba la hivyo nyumbani.

TUMU: Kijijini kwetu, sikitaji jina, tuliletewa mradi wa maji, pampu nzuri, watu wakaja, ngoma, pilau. Ikaharibika kifaa kimoja kidogo tu. Kamati haikuwa imeweka akiba hata senti, tukarudi mtoni na ndoo miezi sijui mingapi. Hakuna mgeni rasmi anayekuja kuzindua kifaa cha pampu bana.

LUSAJO: Sa huu mpango mpya wa reli unauonaje? Kampuni ya Kichina inaweka dola bilioni 1.4 na ushee, inakarabati alafu inaiendesha, jumla miaka 30. Mi nasema sawa tu, treni zitembee.

TUMU: Mi siko hivyo. Miaka 30 ya kwanza tulikopa tukajenga, chetu. Hii ya pili mwenzio ndo anashika usukani. Siikatai, ila nataka kujua mwaka wa 30 anatuachia reli ya namna gani, maana mpangaji anayekaribia kuhama hapaki rangi.

LUSAJO: Lakini mwenye nyumba mwenyewe hakupaka.

TUMU: ...Haya, hapo umenishika.

LUSAJO: Na sio kwamba serikali haitoi hela, pale Nsalaga mpaka Ifisi wanapanua barabara iwe njia nne, kilomita 29. Bwawa la umeme la Nyerere nalo, wazo la miaka ya sabini, lilianza kujengwa 2019, megawati 2,115.

TUMU: Na maji yake yanatoka kwetu! Mito ya Kilombero ndo inaleta maji mengi, na Kilombero inakunywa kwenye milima ya Mufindi na Njombe. Ruaha Mkuu nao unaanzia huku kwenu Uporoto, unapita Usangu, Mtera, Kidatu. Tangu 1993 Ruaha unakauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha. Sa unajenga bwawa la matrilioni alafu chanzo watu wanalima mpaka kwenye kingo, hiyo si sawa na reli bila kokoto? Kwangu mimi msitu wa juu huko ndo miundombinu.

LUSAJO: Wakulima wa mpunga wa Usangu watakupigia simu sasa hivi.

TUMU: Wapige! Mchele wa Mbarali naula, siwafukuzi. Nasema mifereji ijengwe vizuri, maji yakishatoka shambani yarudi mtoni, yasiishie kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa.

LUSAJO: Basi wiki ijayo tukae na mpunga. Tena twende wenyewe, tuchukue treni mpaka Makambako turekodi humo humo.

TUMU: Unalipa wewe?

LUSAJO: Nusu kwa nusu.

TUMU: Ohoo, basi hatufiki.