Sura ni Yako, Mkasi wa Nani? Paul Robeson na Kazi ya Mwigizaji

Mhadhara kwa vijana wa sanaa za maonyesho, Tabora

Mwangaluka, wazazi wangu. Mwangaluka, walimu wenzangu. Nanyi wanangu mliokaa sakafuni kwa sababu viti havikutosha, marahaba, nimeisikia shikamoo yenu.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwigizaji. Nadhani walionialika walitegemea nitamchukua mtu wa nyumbani, na wapo wengi wanaostahili. Lakini nimemchagua Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1976, ambaye Tabora hii hakuiona. Anaitwa Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji. Nimemchagua kwanza kwa sababu alijifunza Kiswahili. Mwaka 1934, jina lake tayari likiwa kubwa Ulaya na Marekani, aliingia darasani London kama mwanafunzi yeyote, akasoma fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na Kiswahili. Pili, kuna jambo lililompata katika filamu mwaka uliofuata, nami likanipata hapa hapa mkoani kwetu zaidi ya miaka sitini baadaye. Najua linawasubiri baadhi yenu. Hilo ndilo hasa lililonitoa nyumbani leo.

Tuanze na baba yake, maana sauti ya Robeson ilianzia kwa baba. Mzee William Drew Robeson alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka kumi na tano, akasoma, akawa mchungaji. Paul alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, New Jersey, akiwa kitinda mimba. Alipokuwa hajatimiza miaka sita, mama yake aliungua kwa moto wa jiko akafariki. Akabaki na baba, na baba yule alikuwa mkali wa matamshi. Neno lililotamkwa ovyo halikupita nyumbani mwake. Wanangu, mkiisikiliza sauti ya Robeson katika rekodi za zamani, sauti nene inayotoka chini kabisa kama ngoma kubwa, mtasikia kwamba hakuna herufi inayomezwa. Sauti alizaliwa nayo. Matamshi alifundishwa na mzee aliyejua kwamba mtoto wa mtumwa akikosea neno moja, watu watasema hawezi kusema.

Masomo nitayapita haraka. Mwaka 1915 alipata nafasi ya kusoma chuo cha Rutgers. Alipojaribu kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, wenzake weupe walimvunja pua na kumkanyaga mkono mpaka kucha zikang'oka. Alirudi uwanjani, akaja kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima. Baadaye alisomea sheria Columbia, akahitimu mwaka 1923. Akaajiriwa katika ofisi ya mawakili, na siku moja karani mzungu akakataa kuandika maneno aliyomtamkia, kwa sababu ya rangi yake. Robeson alichukua kofia yake akaondoka, na uanasheria wake ukaishia hapo.

Jukwaa lilimpokea kwa njia ya mke wake, Eslanda, ambaye watu walimwita Essie. Ndiye aliyemsukuma mumewe akubali kuigiza wakati yeye mwenyewe aliona ni mchezo wa jioni tu. Mwaka 1924 alicheza New York tamthilia za Eugene O'Neill, mwandishi Mmarekani, na mwaka uliofuata akasimama na mpiga kinanda Lawrence Brown, akaimba usiku mzima nyimbo za watu weusi peke yake, hasa zile za dini za watumwa, bila kuchanganya na za Kizungu. Mwaka huo huo wa 1925 ikatoka filamu yake ya kwanza, ya kimya, iliyoongozwa na Oscar Micheaux, mtu mweusi aliyetengeneza filamu zake mwenyewe na kuzisambaza mwenyewe. Hebu fikirini: mtu mwenye sauti ile aanze kwenye filamu isiyo na sauti!

Mwaka 1930 akacheza Othello, katika igizo la Shakespeare la jina hilo, London, katika ukumbi wa Savoy. Othello ni jemadari Mwafrika katika jeshi la Venisi, anaoa binti wa kizungu, Desdemona, kisha anadanganywa na msaidizi wake Iago mpaka anamuua mke asiye na kosa. Kwa muda mrefu nafasi hiyo ilichezwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Karne moja kabla, Mmarekani mweusi Ira Aldridge aliwahi kuicheza Uingereza, na binti yake, Amanda Aldridge, alikuwa bado hai London. Ndiye aliyemfundisha Robeson kutumia sauti yake kwa kazi ile. Akampa na hereni za dhahabu ambazo baba yake alizivaa akimcheza Othello. Kila ninapofika hapa huwa nanyamaza kidogo. Sisi tunajua maana ya mkubwa kumkabidhi mdogo kitu cha marehemu. Ni kurithishwa kazi.

Lakini msidhani alipanda jukwaani akawa simba papo hapo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wiki za mwanzo alikuwa anarudi nyuma kila Desdemona anapomsogelea. Aliyemcheza Desdemona alikuwa Peggy Ashcroft, msichana wa kizungu, na mwili wa Robeson ulikumbuka Marekani, mahali ambapo mtu mweusi angeweza kuuawa kwa kumgusa mwanamke kama yule. Mdomo unasema maneno ya jemadari, miguu inarudi nyuma kama ya kibarua aliyeingia sebuleni kwa bwana. Wanangu mnaofanya mazoezi ya kuigiza, shikeni hilo. Mistari unaweza kuikariri kwa wiki moja. Mwili una kumbukumbu zake, na hadhira inauona kabla haijakusikia.

Sasa tufike mwaka 1935. Ndugu wawili, Alexander Korda mtayarishaji na Zoltan Korda mwongozaji, walitengeneza filamu iitwayo *Sanders of the River*. Zoltan alikuja Afrika akapiga picha za ngoma na sherehe za kweli, kwa miezi. Robeson alipoziona alifurahi. Alikuwa ndani ya Kiswahili chake, amesoma juu ya lugha zetu, anawaambia watu London kwamba anataka kuwa Mwafrika. Akakubali kucheza Bosambo, chifu. Kijiji cha Kiafrika kikajengwa Shepperton, nje ya London, na makuli weusi wa bandarini wakaletwa kukijaza. Miongoni mwa waliovaa ngozi na kukaa kama machifu wadogo alikuwemo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya aliyehitaji fedha. Jina lake Jomo Kenyatta. Ndiyo, mzee yule yule aliyeipokea bendera ya Kenya mwaka 1963.

Filamu ilipotoka ilikuwa kitu kingine. Inaanza kwa maandishi ya kuwasifu Wazungu wachache wanaowatawala na kuwalinda mamilioni ya Waafrika. Bosambo, ambaye Robeson alidhani anamchezea heshima, akawa mtiifu wa bwana Sanders, mkuu wa wilaya. Ngoma zile za kweli zikawa pambo la nyuma. Robeson aliona aibu, na baadaye aliikana filamu hiyo hadharani.

Mtauliza, alikuwa hajaisoma skripti? Alisoma. Lakini filamu inazaliwa mara mbili, mara ya kwanza mbele ya kamera, mara ya pili mezani kwa anayekata picha. Mezani pale wewe haupo. Uso wako upo, sauti yako ipo, jasho lako lipo, na mwenye mkasi anaweza kuviweka kabla au baada ya jambo ambalo hukuwahi kuliona. Ukicheka kwa sababu mtoto amezaliwa, anaweza kukata akaweka mtu anayekufa, na watazamaji wakaona unamcheka maiti.

Mwaka huo huo wa 1935, kwetu Tanganyika, Waingereza walianzisha kule Vugiri, Tanga, jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mambo ya kodi. Lori lao likazunguka nchi hizi za Afrika Mashariki likionyesha. Waigizaji walikuwa watu wetu. Mwenye mkasi hakuwa wetu. Kwa hiyo kijiji cha Shepperton na kijiji cha Vugiri vilikuwa ndugu, ingawa havikujuana.

Niwaambie yangu. Mwishoni mwa miaka ya tisini walikuja watu na kamera ya video, wakanitafuta kwa sababu nilikuwa nafundisha maigizo. Wenyewe siwataji. Nikapewa nafasi ya mzee mrina asali msituni upande wa Urambo, anayekataa kumuuzia mfanyabiashara wa mbao miti iliyobeba mizinga yake. Niliipenda nafasi ile, maana babu yangu alikuwa mrina asali. Tulipiga picha siku nne. Usiku mmoja nilipanda mti na mwenge wa moshi, kama babu alivyonifundisha. Karatasi niliisaini juu ya boneti ya gari, gizani, bila kusoma; taa ya simu haikuwepo, maana hatukuwa na simu.

Filamu ikaja kuonyeshwa kwenye kibanda cha video pale mtaa wa Ng'ambo. Nilikwenda na dada yangu. Mzee mrina asali hakuwepo. Miti haikuwepo, mfanyabiashara hakuwepo. Kulikuwa na usiku, moshi usoni mwangu, na kicheko cha mtu mwingine kimewekwa juu ya mdomo wangu. Nilikuwa mchawi. Watu kibandani wakapiga kelele kwa hofu, na wengine walinijua. Tulipotoka dada yangu hakusema kitu mpaka tulipofika chini ya miembe, ndipo akaniuliza, "Kaka, watoto wangu huja kwako kila likizo. Sasa niwaambie nini?"

Miaka ilipita kabla sijakubali tena kusimama mbele ya kamera. Na nilipokuja kusoma habari za Robeson na Bosambo, nilikaa na kile kitabu mapajani muda mrefu.

Yeye alifanya nini? Mwaka 1936 aliposaini filamu nyingine, *Song of Freedom*, alidai katika mkataba haki ya kuikubali au kuikataa filamu ikishakatwa, kabla haijatoka. Waigizaji weupe wengi wa wakati ule hawakuwa na haki hiyo, na yeye aliipata. Lakini Hollywood haikumpa nafasi za kumfaa, na baada ya filamu ya mwaka 1942 iliyowaonyesha weusi kama watu wepesi wa kudanganyika, aliachana nayo. Akarudi jukwaani, mahali ambapo hakuna anayekukata katikati ya sentensi.

Tarehe 19 Oktoba 1943 *Othello* ikafunguliwa Broadway, penye kumbi kubwa za maonyesho za New York. Margaret Webster aliongoza, José Ferrer akacheza Iago, Uta Hagen akacheza Desdemona. Ilichezwa mara 296, na hakuna igizo la Shakespeare lililowahi kufikia idadi hiyo pale Broadway. Safari hii miguu haikurudi nyuma. Na walipozunguka na igizo hilo mijini, alikataa kucheza katika ukumbi wowote unaowatenga watazamaji weusi.

Kisha mkasi ukamfuata nje ya filamu. Robeson aliongoza Baraza la Mambo ya Afrika lililotetea uhuru wa makoloni, aliwatetea wafanyakazi, na aliisifu Urusi ya Kisovieti. Katika hilo la Urusi mimi naachana naye. Aliona Moscow mwaka 1949 kwamba waandishi Wayahudi aliowapenda wanateswa, na aliporudi nyumbani hakulisema waziwazi. Mtu aliyejua uzito wa sauti yake alinyamaza mahali pasipofaa kunyamaza. Nalisema kwa sababu nampenda.

Lakini aliyofanyiwa Marekani yalizidi. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na katika maelezo yake mahakamani ikataja kama kosa kwamba amekuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Yaani sisi tulikuwa moja ya mashtaka yake. Kumbi zikafungwa, televisheni ikamkataa, maduka yakaacha kuuza sahani zake za muziki. Mwaka 1952 alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokuja pande zote mbili. Mwaka 1957 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales walijaza ukumbi, naye akawaimbia kwa simu kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Mwili umefungiwa New York, sauti iko Wales.

Pasipoti ilirudi mwaka 1958, baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 61, alimcheza Othello kwa mara ya mwisho, Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare.

Kabla ya kusafiri, mwezi Mei 1958, aliimba Carnegie Hall, na katikati ya nyimbo akasema maneno ya mwisho ya Othello. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, alimtafsiri Kaizari na wale mabepari wa Venisi, lakini Othello hakumgusa. Kwa hiyo haya ni ya kwangu, nimeyahangaikia tangu mvua za vuli:

"Taratibu. Neno moja, mawili, kabla hamjaondoka. Dola hii nimeitumikia, nayo inajua, hayo basi. Nawaomba, mtakapoyaandika katika barua zenu mambo haya ya mkosi, nisemeni kama nilivyo. Msipunguze lolote, wala msiandike neno kwa chuki."

Binti uliyekaa karibu na mlango, ndiyo wewe, njoo mbele. Chukua karatasi hii. Usisome kwa sauti ya jemadari, soma kwa sauti yako, kisha tutaona miguu yako inafanya nini.