Boti Haina Breki

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko majini. Tunazungumzia boti ndogo ya matanga, ile ya mita 8 hadi 10, yenye vitanda ndani, jiko dogo na injini ya dizeli chini ya ngazi. Si ya mashindano wala ya uvuvi. Ni ya kusafiria, kulala humo na kuamka kwingine. Kaka Rashidi anayo moja. Mimi bado napiga hesabu.

RASHIDI: Endelea kupiga, dada. Hesabu hazivuji.

ZUHURA: (anacheka) Haya, nahodha, swali la kila mtu: inachukua muda gani kujifunza?

RASHIDI: Kujifunza nini? Maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Kutweka tanga, lishike upepo, chombo kiende, hayo mwalimu mzuri anakufundisha ndani ya siku chache. Utaelewa kwamba boti haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kuna kama digrii 45 kila upande ambako tanga linapepea tu, halisukumi kitu. Kwa hiyo unapiga bisho: unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule, mpaka ufike. Na tanga likizidiwa, legeza demani, ile kamba ya kulishika tanga, litatulia. Basi, umejifunza kusafiri. Kinachobaki ni kusimama, na hicho ndicho kinachokula miaka.

ZUHURA: Kusimama kivipi?

RASHIDI: Boti haina breki. Tani nne au tano zikishaanza kutembea juu ya maji, hazina haraka ya kutulia. Ukitazama vizuri, karibu kila kitu mwenye boti anachojifunza baada ya zile siku za kwanza ni namna fulani ya kusimama. Kusimama gatini. Kusimama kwenye nanga usiku kucha. Kupunguza tanga kabla chombo hakijakushinda nguvu. Na ile ngumu kuliko zote, kusimama kabla hujaondoka.

ZUHURA: Tuanze na gati, maana hapo ndipo pana watazamaji.

RASHIDI: Na wote ni mabingwa! Sikiliza, tatizo la gati ni hili. Usukani unafanya kazi kwa sababu maji yanaupita. Ukipunguza mwendo sana, maji hayaupiti, na kana, ule mpini wa usukani ulioushika, inakuwa mti tu. Kwa hiyo pale unapohitaji kuelekeza chombo kuliko wakati wowote, ndipo kinapokusikiliza kidogo zaidi. Hapohapo upepo unakuja. Omo, yaani mbele ya boti, haina kina kirefu ndani ya maji, haishikwi na kitu, basi upepo unaisukuma kabla ya sehemu nyingine yoyote.

ZUHURA: Na nimesikia kurudi nyuma ni balaa.

RASHIDI: Kuna sababu yake. Rafadha, ile panga ya injini inayozunguka majini, haisukumi maji nyuma na mbele tu, inavuta tezi, yaani nyuma ya boti, upande pia. Ikiwa ni ya kuzunguka kulia wakati wa kwenda mbele, na nyingi ndivyo zilivyo, basi ukitia gia ya nyuma tezi inavutwa kushoto, hata kana ikiwa katikati. Anayeanza anadhani boti imeharibika. Aliyezoea anachagua kufunga gati upande wa kushoto, ili akitia gia ya nyuma kupunguza mwendo, tezi isogee yenyewe gatini.

ZUHURA: Yaani kasoro inageuka kuwa msaada.

RASHIDI: Ukiijua. Jambo jingine: boti haifuati omo yake kama gari linavyofuata magurudumu ya mbele. Inazunguka karibu na mkuku, ule uti wa chini ya boti, katikati. Ukigeuza omo kushoto, tezi inatoka kwenda kulia. Ndiyo maana mtu anakwepa chombo cha jirani kwa mbele, halafu anakigonga kwa nyuma.

ZUHURA: Sasa mtu anajifunzaje bila kuvunja mali ya watu?

RASHIDI: Anatoka nje, penye nafasi, na boya. Boya haliumii. Unalikaribia upepo ukiwa mbele, unalikaribia upepo ukiwa ubavuni, unaona chombo kinahitaji umbali gani mpaka kisimame, unarudi nyuma mpaka ujue kinavutwa wapi. Asubuhi moja ya hivyo inafundisha kuliko msimu mzima wa kutoka na kurudi. Halafu jifunze kamba ya katikati. Usitupe kwanza ya omo, maana ukiifunga hiyo peke yake tezi inatoka nje. Tupa ya katikati ya chombo, ifungwe gatini nyuma kidogo ya pale boti ilipo, kisha tia gia ya mbele polepole. Kamba inakaza, injini inasukuma, usukani unasahihisha, boti inalala ubavu kwa ubavu na gati bila fujo. Baada ya hapo funga nyingine kwa raha zako. Dapra, ile mito ya kukinga ubavu wa boti, ziwe zimeshaning'inizwa kabla hujafika. Na mguu au mkono usiingie kati ya boti na gati hata siku moja. Fiberi inarekebishwa. Mfupa wa mguu ni habari nyingine.

ZUHURA: Hapo nimeelewa. Twende kwenye nanga. Mimi nilidhani unatupa tu, uzito unafanya kazi.

RASHIDI: Nanga ya boti ya mita 9 mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Uzito wake peke yake haushikilii tani tano. Kinachoshikilia ni ile ncha kuzama kwenye mchanga au tope, na inazama tu ikivutwa kwa kulala. Ukiivuta kwa kwenda juu unaing'oa, na ndivyo unavyoitoa asubuhi. Kwa hiyo urefu wa mnyororo na kamba ndio siri. Hesabu ya kawaida ni mara tano ya kina, na upepo ukizidi, mara saba.

ZUHURA: Kina ninachokisoma kwenye kipimo?

RASHIDI: Hapo ndipo penye mtego. Kipimo kinakuambia maji ya sasa hivi. Tuseme kinasoma mita 4. Ongeza urefu kutoka usawa wa maji hadi omo, pale mnyororo unapotokea, labda mita 1. Halafu uliza: maji yanajaa? Kama yatapanda mita 2 zaidi, kina chako cha hesabu ni 7. Mara tano, mita 35. Aliyehesabu kwa 4 ametoa 20. Maji yakijaa usiku ana chini ya mara tatu, na nanga inaanza kukokotwa akiwa amelala.

ZUHURA: Na maji yakipwa?

RASHIDI: Hesabu ya upande wa pili: mkuku wako unahitaji kina gani? Kama unahitaji mita moja na nusu na maji yatashuka hadi mita 1, utapwelea, utaamka umelala ubavu. Jua pia kama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, maana tofauti ni kubwa. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa kukadiria, gawa mpando mzima mafungu 12, mahali ambako maji hujaa kwa saa sita hivi: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Katikati ndipo maji yanapokimbia, na mkondo pia.

ZUHURA: Unajuaje sasa kwamba nanga imeshika?

RASHIDI: Unaivuta kwa injini, gia ya nyuma, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu kidogo. Unachagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mti na paa la nyumba, tuseme. Vikibaki kwenye mstari, umeshika. Vikiachana, unakokotwa, ng'oa uanze upya. Usione haya. Kwenye majani ya bahari au mwamba laini unaweza kurudia mpaka ukate tamaa, na kuhama ndiyo akili. Simu nayo ina programu za kukuamsha boti ikitoka kwenye duara uliloliweka. Mimi naiwasha kila mara.

ZUHURA: Umesema kupunguza tanga pia ni kusimama. Nifafanulie, maana naona ni kuendelea kwa uangalifu tu.

RASHIDI: Ni kuikataa kasi. Nguvu ya upepo kwenye tanga inakwenda kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, kwenda 20, nguvu haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Boti inalala upande, kana inakuwa nzito mikononi, na jambo la ajabu ni kwamba huendi haraka zaidi. Boti ya namna hii inabeba wimbi lake yenyewe, na haiwezi kulipita kirahisi. Ikiwa pale inapokata maji ina urefu wa mita saba na nusu, mwisho wake ni kama noti 6 na nusu. Tanga la ziada linakulaza tu.

ZUHURA: Kwa hiyo napunguza lini?

RASHIDI: Ukijiuliza kama wakati umefika, umeshafika. Na jihadhari na upepo wa tezi, huo ni mwongo mkubwa. Unakwenda nao noti 6, wenyewe ni noti 15, usoni unahisi 9 tu. Jua zuri, kila mtu anafurahi. Halafu unageuka kurudi kupiga bisho, na ghafla unapokea karibu 20. Ni upepo uleule! Basi punguza kabla ya kugeuka. Tena upepo ukiwa nyuma, angalia tanga kuu lisihame upande bila wewe kutaka. Ule mti wake wa chini ukipita na kichwa kiko njiani, hausamehe.

ZUHURA: Tumezungumza sana juu ya staha. Chini yake je? Kwa nini boti ya matanga inisumbue na injini?

RASHIDI: Kwa sababu bila hiyo injini, gati zile tulizozisema zinakuwa ngumu mara kumi. Dizeli yenyewe ni mvumilivu, inataka mafuta safi na maji ya kupoza. Ukiiwasha tu, chungulia bomba la moshi nje: linatema maji? Kama halitemi, zima. Mara nyingi ni impela, kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu, au ni koki imefungwa.

ZUHURA: Koki ipi?

RASHIDI: Aa, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza, kabla ya kutweka tanga lolote. Boti ina matundu chini ya maji: la maji ya injini, la choo, la sinki. Kila moja lina koki. Tafuta zote, zifungue na kuzifunga kwa mkono wako, na kwa kila moja funga kibiringo cha mti laini cha kuziba tundu lake. Tundu la milimita 38, nusu mita na kidogo chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo ya umeme ya kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, haiwezi kushindana na hilo.

ZUHURA: Mbona hakuna anayetuambia haya? Sisi tunasimuliwa ya akina Joshua Slocum, mtu peke yake kaizunguka dunia.

RASHIDI: Slocum ni mfano mzuri, ila tunamsoma vibaya. Aliondoka Boston mwezi Aprili 1895, akarudi Marekani Juni 1898, na chombo cha mita 11 hivi. Sawa. Lakini alikuwa nahodha wa meli za matanga kwa miaka mingi, na ile boti yake, Spray, aliijenga upya kwa mikono yake, ubao kwa ubao. Kitu kikilia usiku alijua ni ubao upi. Wewe na mimi tunanunua chombo kilichojengwa na mwingine, kikafungwa nyaya na wa pili, kikatobolewa na wa tatu. Mwaka wa kwanza unasoma kazi za watu.

ZUHURA: Na kulipia.

RASHIDI: Na kulipia. Kupaka rangi ya chini, kubadilisha vipande vya zinki vinavyoliwa na kutu badala ya rafadha, betri, nyaya za mlingoti. Ukiahirisha mwaka huu, mwaka kesho unalikuta tatizo limekua.

ZUHURA: Tumalizie na ile ya kuamua leo hatuendi. Si ni kutazama utabiri tu?

RASHIDI: Utabiri ndio mwepesi. Mzito ni mtu anayekusubiri upande wa pili. Umemwambia utafika saa 10 jioni. Ni maili 30, wastani wa noti 5, saa sita, umeondoka saa 4 asubuhi. Upepo ukigeuka ukawa wa omo, unapiga bisho, na maili 30 zinakuwa zaidi ya 40 ndani ya maji. Mawimbi yanakupunguzia mwendo. Sasa unafika usiku, bandari usiyoijua, na taa za mji zinazificha taa za maboya. Hakuna kilichoharibika, na tayari uko pabaya. Mimi nawaambia watu mahali au siku, kimoja. Nitakuja kwenu, sijui lini. Au nitakuona Jumamosi, sijui wapi.

ZUHURA: Mama yangu hatakubali jibu hilo.

RASHIDI: Mama mpeleke kwa gari.

ZUHURA: (anacheka) Haya. Wiki ijayo tunakagua boti kuukuu kabla ya kununua. Kaka, kidokezo kimoja kwa wanaotazama matangazo ya mauzo leo?

RASHIDI: Picha ya machweo iruke. Tafuta picha ya ngama, mbao za sakafu zikiwa zimeinuliwa. Muuzaji asipoiweka, iombe. Akikuuliza ya nini, endelea na tangazo jingine.