Maji Yako Chini, Mimi Niko Ghorofa ya Tano

MWENDE: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, mgeni ni Rukia mwenyewe. Dadangu, huu ni mwaka wa ngapi na baridi yabisi?

RUKIA: Wa sita. Na kabla hujaniuliza kama nimeikubali, niambie kwanza: nikiwa wapi? Hapa kwenye kiti chako cha mto nimeikubali kabisa. Nilipokuwa ghorofa ya tano kule mtaani Pipeline, Nairobi, maji yamefunguliwa kwa mfereji wa chini saa kumi alfajiri, sikukubali chochote.

MWENDE: Na lifti hakuna.

RUKIA: Lifti, Pipeline? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, Mwende. Na asubuhi ndiyo saa mbaya ya ugonjwa huu. Kinga ya mwili inageuka kushambulia utando wa ndani ya viungo, vinavimba, unaamka vidole vimekakamaa, pengine zaidi ya saa nzima. Haya, shika mtungi.

MWENDE: Kuna kipimo cha kuangalia mtu ameukubali ugonjwa kiasi gani. Barbara Felton na wenzake walikitoa Marekani mwaka 1984. Kauli 8 tu, kila moja alama 1 hadi 5, kwa hivyo unapata kati ya 8 na 40. Alama zikiwa nyingi, umekubali. Nilimsomea Rukia jana kwa simu…

RUKIA: Ukaniudhi! Ile kauli ya kuwategemea wengine kuliko ninavyotaka. Inaulizwa kama jambo la moyoni, na kwangu ni jambo la nani atanichotea maji. Nipe nyumba yenye bomba ndani, alama zangu zitapanda siku hiyo hiyo, na vidole ni vile vile.

MWENDE: Hapo sikubaliani nawe. Mama yangu yuko Makueni, magoti yanamsumbua miaka mingi, na bomba hana. Lakini ukimsikiliza, ametulia kukushinda.

RUKIA: Nani humchotea?

MWENDE: Wajukuu. Na kijana wa jirani mwenye punda.

RUKIA: Basi!

MWENDE: Ngoja, sijamaliza. Kule hakuna siri. Akikosa kanisa Jumapili moja, kufikia Jumatatu washamtafutia aliyemroga. Kuna wakati alijikokota akijifanya mzima, anaogopa maneno tu.

RUKIA: Na mimi huku nilijifanya mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza. Miaka mitatu mlango kwa mlango na mama mmoja, hakujua kama naumwa. Kwa matatu nikichelewa kupanda, makanga ananiambia niache maringo. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara 2 hadi 3 kuliko wanaume, lakini ukiutaja mtu anakwambia ni wa wazee. Mimi uligunduliwa nikiwa na miaka 31.

MWENDE: Kuna watakaosikia neno “kukubali” waseme umekata tamaa.

RUKIA: Wengine wameniambia nitupe dawa nimwachie Mungu. Dawa nameza, kliniki naenda, Mungu namwomba pia. Nilichokubali ni vitu vidogo vya aibu. Kwamba nguo ni za mama fua. Kwamba kuna siku chapati hazisukumwi. La chapati lilinitoa machozi, usicheke.

MWENDE: Sicheki. Nimekumbuka zile chapati.

RUKIA: Wacha hizo.

MWENDE: Na ukahama.

RUKIA: Mwezi wa nne. Ploti ile ile, chini kabisa. Na nyumba za chini unazijua: giza, saa sita mchana taa inawaka, tokeni za stima zinaisha kama maji. Jua nilikuwa nalipata kule juu, nimeliacha huko. Lakini mfereji uko hatua nane kutoka mlangoni.

MWENDE: Kwa hivyo tukipima leo, utapata ngapi?

RUKIA: Sijahesabu. Juzi maji yalikuja alfajiri na vidole vikakataa kabisa, hata hatua nane zilinishinda. Nikamgongea jirani. Miaka yote Pipeline sijawahi kumgongea mtu mlango saa hizo.

MWENDE: Akasemaje?

RUKIA: Akatoka na leso yake, macho yamejaa usingizi, akauliza mitungi mingapi.