Ruzuku ya kinga imeingia akauntini: hatua za kufuata kabla hamjanunua kitu

Karibuni. Video hii ni ya waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, na wajumbe wa kamati za vituo vya afya na zahanati, hasa wa huku kwetu Lindi na Mtwara. Fedha za ruzuku ya kinga, yaani za kuzuia magonjwa, zimeingia. Mganga anataka dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu, mwenyekiti anataka choo, na paa la wodi linavuja. Tulieni kwanza.

Hatua ya kwanza, jueni fedha zimetoka wapi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Hazina huzileta moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na wapo wanaodhani kwa hiyo ni fedha zisizo na mwenyewe. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zina mwongozo wake, za bima zina wake, makusanyo ya papo kwa papo, yaani malipo ya wagonjwa, vilevile. Msizichanganye.

Hatua ya pili, fungueni mpango wenu kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti, tafuteni kazi husika na kasma yake, yaani kifungu chake cha bajeti. Kama kasma inasema huduma ya mkoba ya chanjo, ile ya kuwafuata watu vijijini, bati la wodi halimo humo. Mkitaka kuhamisha, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha msubiri jibu. Ukitumia kwanza ukaomba kibali baadaye, hiyo ni hoja ya ukaguzi tayari.

Na acheni kunakili mpango wa zahanati jirani! Bondeni mwa Ruvuma mvua ikinyesha madimbwi yapo tele. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mchanga hunywa maji yote. Sasa hiyo dawa ya viluwiluwi mtainyunyizia wapi?

Hatua ya tatu ni kikao cha kamati, chenye muhtasari uliosainiwa. Ya nne, manunuzi yapite kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Hapo sina maneno mengi.

Hatua ya tano ndiyo inayoumiza watu: masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi kabla ya kazi. Muuguzi amechukua fedha kwenda kuchanja kijijini. Akirudi ana siku 14 za kurejesha hesabu. Tazameni karatasi hizi mbili nilizoziweka mezani. Hii ni risiti ya mafuta ya EFD, ile mashine ya kodi: ina jina la kituo chenu cha afya, lita, na tarehe ya siku ya safari yenyewe au ya kabla yake. Mafuta ya chupa ya barabarani hayana risiti, kwa hiyo jazeni tangi mjini kabla ya kuondoka. Hii nyingine ni orodha ya waliolipwa posho. Angalieni saini: zote kalamu moja, mkono mmoja. Mkaguzi haulizi hata swali, anaandika tu. Kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii asaini mwenyewe, na asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Mwisho, ingizeni kila malipo kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za vituo, siku yanapofanyika, msingoje robo ya mwaka iishe. Robo ikiisha, chapisheni taarifa ya mapato na matumizi, kamati iipitie, halafu nakala ibandikwe ubaoni pale wagonjwa wanapokaa. Siyo ndani ya ofisi ya mganga, nyuma ya mlango.