Kutengeneza Spidomita na Kihesabu Kilomita cha Gari la Zamani

Karibuni, ndugu watazamaji. Gari mnaloliona hapa uani kwangu, Ntinda mjini Kampala, ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1981, ya kizazi cha W123 kilichoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambacho hadi leo hukosi kukutana nacho katika barabara za Uganda. Injini haina neno, breki hazina neno, lakini kihesabu kilomita kimesimama kwenye 387,412 tangu msimu wa mvua uliopita. Mimi hubadilisha oili ya injini kila baada ya kilomita 5,000, na tangu tarakimu zisimame nimekuwa nikikisia tu. Gari la dizeli la umri huu halistahili kutunzwa kwa kukisia. Leo tutafungua dashibodi, tutatafuta kilichoharibika na kukitengeneza, na tarakimu hizo tutaziacha kama tulivyozikuta.

Kazi huanzia barabarani kabla ya kufika mezani. Endesha gari polepole mahali pasipo na msongamano, umpe mwenzako kazi ya kutazama dashibodi, kwa sababu dalili zenyewe zitakuambia ufungue wapi. Ikiwa mshale wa spidomita haupandi na tarakimu hazisogei, tatizo karibu kila mara liko kwenye kebo, au kwenye gia ndogo inayoizungusha kebo hiyo kule kwenye giaboksi. Ikiwa mshale unatetemeka, kebo imekauka au imekunjwa mno mahali fulani. Ikiwa tarakimu zinahesabu lakini mshale umelala, kuna kasoro kwenye springi ya mshale au kuna uchafu ndani ya kichwa cha spidomita, yaani kifaa chenyewe kilicho nyuma ya mshale. Gari langu lina dalili ya nne, ambayo ndiyo ya kawaida kwa magari haya: mshale unafanya kazi vizuri kabisa, ila tarakimu zimekufa. Hapo najua kwamba kebo ni nzima, na kwamba ugonjwa uko ndani ya kichwa chenyewe.

Ni vyema tuelewe kifaa hiki kinavyofanya kazi, maana asiyekielewa hukiharibu akidhani anakisafisha. Mjerumani Otto Schulze alikipatia hataza mwaka 1902, na msingi wake haukubadilika kwa miongo mingi. Kebo inayotoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku. Sumaku hiyo imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo, na aluminiamu, kama mjuavyo, haivutwi na sumaku. Hata hivyo, sumaku inapozunguka husababisha mikondo midogo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kinachokizuia ni springi nyembamba kama unywele. Kadiri gari linavyokwenda kasi, ndivyo kikombe kinavyoikaza springi zaidi, na mshale uliofungwa juu yake hupanda. Kihesabu kilomita hakina sumaku wala springi ya namna hiyo. Chenyewe huendeshwa na meno ya gia moja kwa moja kutoka kwenye mhimili uleule unaozungushwa na kebo, na ndiyo maana kimoja kinaweza kufa na kingine kikaendelea kuishi.

Sasa tuanze kufungua. Zima injini, iache ipoe, kisha ondoa waya wa hasi kwenye betri. Fungua ubao wa chini ya usukani ili mkono wako upate njia ya kufika nyuma ya dashibodi. Kundi hili la saa, yaani vipimo vyote vya dashibodi, halikufungwa kwa skrubu kwa mbele, bali limeshikwa na ukingo wa mpira, hivyo sukuma taratibu kutoka nyuma huku mkono mwingine ukilipokea. Ukilichokonoa kwa bisibisi kutoka mbele utaacha alama ambazo utaziona kila siku utakapokaa kwenye kiti hicho.

Tafadhali simamisheni video hapa mtazame kwa makini. Nyuma ya saa hizi kuna mrija mwembamba, huu hapa ninaouonyesha kwa kalamu. Huo si waya. Ndani yake mna oili halisi ya injini, inayopanda hadi kwenye kipimo cha presha ya oili. Ukivuta saa kwa nguvu, mrija utakatika, na siku utakapowasha injini oili itamwagika ndani ya gari. Weka kitambaa chini yake, fungua nati yake ndogo kwa spana huku ukiushikilia mrija usijipinde, kisha uelekeze ncha yake juu na uifunge kwa kitambaa safi. Baada ya hapo fungua nati ya kebo ya spidomita kwa vidole, chomoa soketi za umeme, na upige picha kwa simu kabla ya kila unachokichomoa.

Kwa kuwa kebo iko wazi, tuihudumie hata kama haina kosa. Vuta kiini chake kutoka ndani ya ala na ukipitishe polepole kati ya vidole ukiwa umevaa glovu. Uzi mmoja ukijitokeza, kebo hiyo imekwisha. Chukua ile ya zamani uende nayo Kisekka, soko la vipuri la hapa Kampala, ulinganishe urefu na umbo la ncha zote mbili kabla ya kulipa, na usikubali kebo ya kuungwa. Kama ni nzima, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha ipake grisi nyepesi kidogo sana, ukiacha sentimita 20 za juu zikiwa kavu. Sababu ni kwamba kebo inayozunguka hupandisha grisi juu kidogo kidogo. Miaka michache iliyopita fundi mmoja alimimina oili ya injini ndani ya kebo ya gari langu jingine akidhani ananisaidia, nayo ikapanda hadi ndani ya kikombe cha aluminiamu. Mshale ukawa unaruka hadi mwisho wa kipimo nikiwa natembea mwendo wa baiskeli, na kusafisha kulinichukua siku mbili. Unapoirudisha kebo, hakikisha hakuna kona kali. Mkunjo wa duara ambao nusu kipenyo chake hakipungui sentimita 15 ndio salama.

Hamishieni saa mezani, juu ya taulo jeupe, ili kitakachoanguka kionekane. Fungua skrubu za nyuma, utenganishe kioo, kisha utoe kichwa cha spidomita peke yake. Tazameni vumbi jekundu lililojaa kwenye pembe. Hilo ni la barabara zetu za udongo, na linapenya mahali ambapo hata maji hayapenyi. Liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Uso wenye namba usiuguse kwa petroli wala tina ya kuyeyushia rangi, kwa sababu maandishi yatatoka. Mshale nao uache ulipo. Ikiwa spidomita ya gari lako haifunguki bila kuung'oa, kwanza uinue taratibu juu ya kile kijiti kinachouzuia, uuache ulale unapotaka wenyewe, na uweke alama ya penseli hapo. Utakapouregesha, uuelekeze kwenye alama hiyo ndipo uuinue tena juu ya kijiti. Bila alama hiyo, spidomita yako haitasema kweli tena.

Ugonjwa wenyewe ni huu hapa. Pembeni mwa magurudumu ya tarakimu kuna gia ndogo ya kijivu, iliyopachikwa kwa kubanwa tu kwenye mhimili mwembamba wa chuma. Gia hii ni ya aloi laini, yaani mchanganyiko wa metali, na baada ya miaka mingi ya joto na baridi tundu lake hulegea. Naizungusha kwa ncha ya kibanio: gia inazunguka, mhimili umetulia, na tarakimu ya mwisho, ile 2, haitikisiki. Hakuna jino lililovunjika wala kipuri cha kununua. Gia imepoteza mshiko wake, basi.

Usukume mhimili kutoka upande wa pili kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha, usogee sentimita 1 hivi, kiasi cha gia kuachia sehemu inapokaa. Usiutoe wote. Ukiutoa wote, magurudumu ya tarakimu yatamwagika pamoja na vigia vidogo vilivyo kati yake, na utatumia jioni nzima kuyapanga upya. Sasa chukua plaizi kali ya kukatia waya, uibane sehemu ile gia inapokaa bila kukata, upande huu, kisha upande wa pili, mpaka mhimili uwe na vialama vinne vinavyokwaruza ukivigusa kwa ukucha. Rudisha mhimili taratibu, ukiishikilia gia isipinde. Mnasikia mlio huo mdogo wa kukwaruza? Hizo ni alama za chuma zikiingia ndani ya aloi na kuishika.

Wapo wanaotumia gundi ya kukausha haraka. Mimi siikubali kazi hiyo, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya tarakimu, na tone likiteleza hadi kwenye gurudumu la pembeni, kihesabu kizima kinakuwa jiwe. Maliza kwa tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye tundu la mhimili mkuu pale kebo inapoingia, na ufute kinachozidi. Magurudumu ya tarakimu hayahitaji mafuta kabisa.

Kabla ya kurudisha, tujaribu mezani. Pachika kipande cha kebo ya zamani kwenye drili ya betri. Kwanza zungusha kwa vidole ili ujue ni upande gani mshale unapanda, kisha uende kwa mwendo wa chini. Mshale unapanda bila kutetemeka, na sasa tazameni tarakimu: 2 inateremka, 3 inachungulia. Niliposhuhudia hivyo nilizima drili mara moja, kwa sababu kilomita za mezani si kilomita za gari.

Kuna watakaouliza kama, wakati kiko wazi hivi, tunaweza kupunguza namba. Mkono unaweza, lakini mimi sifanyi na sitafundisha. Atakayelinunua gari hili baada yangu atapanga matengenezo ya injini kwa kuziamini tarakimu hizi. Nimeandika tarehe ya leo, namba iliyokuwapo, na makadirio ya kilomita ambazo hazikuhesabiwa, na karatasi hiyo inakaa pamoja na logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Ukishafunga mrija wa oili na kuunganisha betri, washa injini kabla ya kusukuma saa mahali pake, umulike nyuma kwa tochi uhakikishe hakuna tone linalovuja. Kwenye gari hili mshale wa presha unapaswa kupanda hadi 3. Na kibonye cha kurudisha sifuri kihesabu cha safari usikibonyeze gari likiwa linatembea, kwani tabia hiyo ni mojawapo ya mambo yanayoilegeza gia tuliyoitengeneza.

Jaribio la mwisho tunalifanya kwenye barabara ya Jinja, umbali wa takriban kilomita 80 kutoka hapa mjini, simu ikipima mwendo kwa setilaiti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu spidomita kuonyesha zaidi ya mwendo halisi kwa asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake, lakini hairuhusu kuonyesha pungufu. Simu inaposema 50, saa yangu inasema 53, nami nimeridhika. Yako ikionyesha pungufu, angalia matairi kabla ya kuilaumu spidomita. Gari hili linatumia matairi ya kipimo cha 195/70 R14. Aliyeweka 205/65 R15 ana gurudumu kubwa zaidi kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo saa ikisema 100, gari linakwenda 103, na kihesabu nacho kinamnyima kilomita 3 katika kila 100. Langu bado lina matairi ya kipimo chake, na tulipofika darajani Jinja tarakimu zilisomeka 387,494.